UZI: Umehama jimbo kufuata kazi Marekani? Soma hapa kabla hujamkabidhi mtu ritani yako

Fomu1040 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa ndugu zetu walioko Marekani waliohama jimbo kufuata kazi, na wale ambao sasa hivi wanafunga maboksi. Kila msimu wa kodi najitolea kwenye kituo cha VITA, ule mpango wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wa kuwajazia ritani bure watu wa kipato cha chini na cha kati. Waswahili tunaowahudumia ni wengi: Wakongomani waliopitia Nyarugusu, Wakenya wa hospitalini, Watanzania madereva. Swali la kuhama haliishi. Mtu katoka Texas kwenda Iowa kwenye kiwanda cha nyama, kalipa lori, kalipa mafuta, kalala hoteli na watoto njiani, risiti zote kazitunza kwenye bahasha. Anazimwaga mezani na kuuliza zinaingia mstari gani.

Jibu nalitoa mwanzoni ili asiye na muda wa kusoma aondoke nalo: kwenye ritani ya serikali kuu, gharama za kuhama hazikupunguzii kodi hata senti moja, labda uwe mwanajeshi aliye kazini na umehamishwa kwa amri, au, kuanzia mwaka wa kodi 2026, mtumishi wa idara za ujasusi uliyehamishwa kikazi.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu zamani haikuwa hivyo. Tangu 1964 aliyehama kufuata kazi aliruhusiwa kutoa gharama hizo kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Kulikuwa na sharti la umbali: kutoka nyumba ya zamani hadi kazi mpya pawe mbali kwa angalau maili 50 zaidi ya palivyokuwa hadi kazi ya zamani. Na sharti la muda: baada ya kufika, ufanye kazi angalau wiki 39 ndani ya miezi 12, aliyejiajiri, wiki 78 ndani ya miezi 24. Lori, mafuta, hoteli ya njiani, stoo ya hadi siku 30, vyote vilihesabika. Chakula hakikuhesabika. Kwa hiyo shemeji yako akikwambia alirudishiwa hela kwa kuhama mwaka 2014, anasema kweli kabisa.

Desemba 22, 2017 ikasainiwa sheria iliyosimamisha punguzo hilo kuanzia 2018 hadi mwisho wa 2025. Wengi tulitarajia mwaka 2026 punguzo la kuhama lirudi lenyewe. Halikurudi. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imelifuta moja kwa moja. Imewabakiza wanajeshi, na kuanzia mwaka wa kodi 2026 imewaongeza watumishi wa idara za ujasusi wanaohamishwa kikazi. Basi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Kuna watu wanafungua meza ya kodi Februari, Mei hawaonekani, na ahadi yao ni moja: "nitakutolea rifandi kubwa," yaani kodi unayorudishiwa. Dada mmoja, msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, alituletea nakala ya ritani aliyojaziwa na mtu wa namna hiyo. Ndani kuna Fomu 3903, ya gharama za kuhama, imejazwa maelfu ya dola. Sehemu ya juu ya fomu hiyo kuna kiboksi cha kuthibitisha kwamba wewe ni mwanajeshi aliye kazini na umehama kwa amri ya jeshi. Kiboksi kimetiwa alama. Dada wa watu hajawahi kuvaa gwanda maishani mwake. Nikageuza hadi mahali pa sahihi: pa mwenye ritani pana jina lake, pa mtayarishaji peupe. Wala namba ya PTIN, ambayo kila anayelipwa kujaza ritani lazima aiweke, haipo. Kwa maana hiyo, kwenye macho ya IRS ritani ile kaijaza yeye mwenyewe na yeye mwenyewe ndiye aliyesema ni mwanajeshi.

IRS ikiligundua, atadaiwa kodi pamoja na riba, na anaweza kupigwa faini ya asilimia 20 ya kodi iliyopunguzwa. Aliyekula ada yake hayupo. Kama hili limekukuta, usingoje barua. Rekebisha mwenyewe kwa Fomu 1040-X, na mtu huyo mshtaki IRS kwa Fomu 14157. Kujirekebisha mapema kunasaidia sana.

La pili, na hili ndilo lenye hela zaidi. Mwajiri akikulipia kuhama, hiyo nayo siku hizi ni mshahara. Akikupa taslimu, akikurudishia kwa risiti, au akimlipa mwenye lori moja kwa moja, yote yanaingia kwenye W-2 yako, ile karatasi ya mwaka ya mshahara na makato, kisanduku cha 1. Chukua mfano umeahidiwa dola 5,000. Kodi ya mapato kwa malipo ya namna hii kwa kawaida hukatwa asilimia 22, yaani 1,100. Social Security na Medicare (makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni) kwa pamoja asilimia 7.65, yaani 382.50. Mkononi unabaki na 3,517.50, na jimbo halijachukua chake. Lori ulishalikodi ukijua una elfu tano.

Dawa yake iko kabla ya kusaini. Unamwambia mwajiri abebe na kodi. Watu wa HR wanaiita "gross-up" na wanaijua vizuri. Ili elfu tano ikufikie kamili kwenye mfano huu, inabidi yeye atoe kama 7,107. Kampuni kubwa nyingi zina utaratibu huo kwa mameneja wao, ila mfanyakazi wa kawaida haambiwi mpaka aulize. Ulizeni, wakuu. Na jibu liwe kwa maandishi, ndani ya barua ya kazi.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu ninayoyajua.

Dereva Masafa

Mkuu, heshima kwako. Mimi ni dereva, lori ni langu na nina LLC, yaani biashara iliyosajiliwa. Mwaka jana nimetoka Columbus kuja Dallas na familia. Jamaa kaniambia kwa kuwa nina biashara, niweke hama yote kwenye gharama za biashara: U-Haul, hoteli, hadi kitanda cha watoto. Imekaaje hiyo?

Fomu1040

Mkuu Dereva, hapo tenganisha. Vitu vya biashara kuvihamisha ni gharama ya biashara na hakuna aliyeifuta: vipuri, zana, meza na kabati la ofisi, kompyuta ya mahesabu. Kama LLC ni yako peke yako na hujachagua kutozwa kama kampuni, hiyo inaingia Schedule C, karatasi ya mapato na gharama za biashara kwenye ritani yako. Kitanda cha watoto, sofa, friji na vyombo vya jikoni ni vya nyumbani, havigeuki vya biashara kwa sababu vimepanda lori moja na vipuri.

Ulikodi U-Haul moja ikabeba vyote? Gawa kwa kipimo chenye mantiki, tuseme nafasi iliyochukuliwa, na uandike ulivyogawa. Piga picha mzigo ukiwa ndani ya lori kabla ya kufunga mlango. Ukaguzi ukija, picha na risiti vinazungumza kwa niaba yako.

Mtu wa Kigoma

Asante sana ndugu kwa uzi huu. Sisi tulifikia Texas, sasa tunataka kuhamia Iowa, kuna ndugu zetu wengi kule kiwandani. Wamesema watatoa dola 3,500 ya kuhamia, lakini ukitoka kabla ya mwaka unarudisha. Barua ninayo. Nimeisoma na mtoto, tunaona neno "repay" mara nyingi. Hapo kwenye kodi inakuwaje mtu akirudisha?

Fomu1040

Ndugu yangu, umefanya vema kuisoma kabla ya kusaini. Ngoja nilieleze taratibu maana lina mtego.

Ukipewa 3,500, mkononi inafika kama 2,460 baada ya hayo makato niliyotaja. Ukiacha kazi mwezi wa nane, barua nyingi zinakudai 3,500 kamili, siyo ile iliyokufikia. Kwa hiyo unaweza kujikuta unalipa kutoka mfukoni zaidi ya elfu moja ambayo hukuwahi kuishika.

Ukirudisha ndani ya mwaka ule ule uliolipwa, kuna nafuu. Mwajiri anaweza kurekebisha mahesabu, W-2 itoke bila hela hiyo na makato yake yarekebishwe. Mdai afanye hivyo, kwa maandishi, kabla mwaka haujaisha. Ukirudisha mwaka unaofuata, W-2 ya mwaka wa kwanza haibadilishwi kwa kodi ya mapato, maana hela ulikuwa nayo mwaka ule. Hapo sheria inaangalia kiasi: ukirudisha zaidi ya dola 3,000, una haki ya kudai nafuu ya ile kodi uliyolipa zamani. Ukirudisha 3,000 au chini, hupati kitu kwenye kodi ya mapato. Wewe ni 3,500, uko juu kidogo ya mstari. Ila ukirudisha kwa mafungu ya miaka miwili unaweza ukashuka chini ya mstari huo bila kujua.

Waombe mambo matatu kabla ya kusaini. Deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi, ili ukitoka mwezi wa tisa udaiwe robo tu. Deni liwe la hela iliyokufikia baada ya kodi. Na ukipunguzwa kazi na wao, au ukiumia kiwandani, usidaiwe. Hilo la tatu msiliache, kazi ya nyama ina majeraha.

Bint Gwanda

Kwa upande wa jeshi naomba niongezee, maana niko huku. Waswahili wa jeshini si wachache. Kuna walioingia kwa ule mpango wa MAVNI, uliopokea wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili ikiwemo, kabla haujafungwa 2016, na wengine wameingia na green card zao.

Punguzo la Fomu 3903 kwetu lipo, lakini wengi hawalihitaji kwa sababu serikali yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Unachoweza kudai ni kile ulicholipa zaidi ya ulichorudishiwa. Mfano: umelipia stoo, au umeendesha gari la pili. Gari linahesabiwa kwa maili, kwa mwaka 2025 ni senti 21 kwa maili moja, pamoja na maegesho na tozo za barabara. Chakula hapana. Safari ya kwenda kutafuta nyumba hapana.

Wanaojihamisha wenyewe kwa PPM, ule utaratibu wa jeshi kukulipa ujihamishe, wawe makini: hela inayobaki baada ya gharama ni mapato, inakatwa, na W-2 yake inakuja mbali na ile ya mshahara. Nimeona vijana wanajaza ritani Februari bila hiyo W-2, Juni wanapata barua. Pia kwenye W-2 mkiona herufi P kisanduku cha 12, hicho ni kiasi mlichorudishiwa kisichotozwa kodi. Msikidai tena kwenye 3903.

Na wanaomaliza mkataba: hama ya mwisho ya kurudi nyumbani inahesabika, mradi iwe ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka.

Fomu1040

Bint Gwanda, shukrani sana. Hilo la W-2 ya pili naomba kila askari anayesoma alinukuu.

Mdau wa Oakland

Mleta uzi hujagusa majimbo. Mimi nimehamia California toka Ohio, mtu wa kodi kanipa punguzo la kuhama kwenye ritani ya jimbo. Ni halali au na mimi nimeingizwa mjini?

Fomu1040

Ni halali mkuu, tulia. California haikufuata serikali kuu kwenye hili. Wanatumia Fomu FTB 3913 na masharti yale yale ya zamani, maili 50 na wiki 39. New York nayo ilikataa kufuata. Hawaii na Arkansas wana fomu zao, Pennsylvania wanaipokea kwenye Schedule UE. Majimbo mengine mengi hayatoi, na Texas, Florida na Tennessee hayatozi kodi ya mshahara kwa hiyo hakuna cha kupunguza.

Kwa hiyo risiti msitupe. Kama unahamia California au New York, ile bahasha ina thamani, hata kama ritani ya serikali kuu haiitaki. Na mwajiri wako wa California akikurudishia gharama zinazokubalika, jimbo halizitozi. Ndiyo maana kwenye W-2 kisanduku cha 16, cha mshahara wa jimbo, kinaweza kuwa na kiasi pungufu ya kisanduku cha 1. Ukiona vimelingana wakati ulilipiwa hama, waulize watu wa mishahara.

Mama wa Minneapolis

Mwanangu, nimesoma yote. Mimi nina jambo lingine. Nilinunua nyumba, nikakaa miezi 15, hospitali ninayofanyia kazi ikafunga kitengo chetu, nikapata kazi Phoenix. Nimeuza nyumba kwa faida ya dola 38,000 baada ya kumlipa dalali. Marehemu mzee alikuwa akisema usipokaa miaka miwili kodi inachukua faida. Sasa gharama za kuhama hawataki, na faida wanachukua?

Fomu1040

Shikamoo mama. Pole kwa kazi na kwa safari yote hiyo.

Mzee alisema sawa kuhusu kanuni ya jumla. Ukimiliki nyumba na kuishi ndani yake miaka miwili kati ya mitano kabla ya kuuza, faida ya hadi dola 250,000 haitozwi kodi, na 500,000 kwa mume na mke wanaojaza pamoja. Lakini sheria inamfikiria anayeuza mapema kwa sababu ya kazi, na hapa zile maili 50 bado ziko hai: kazi mpya ikiwa mbali na nyumba uliyouza kwa maili 50 au zaidi kuliko ilivyokuwa kazi ya zamani, unapata sehemu ya msamaha kulingana na muda uliokaa. Kutoka Minneapolis hadi Phoenix halina mjadala.

Hesabu yako ni miezi 15 kwa 24, mara 250,000. Inatoka 156,250. Faida yako ni 38,000, iko ndani kabisa. Hudaiwi kodi ya serikali kuu kwenye faida hiyo. Na ile kamisheni ya dalali ulivyoitoa kabla ya kupata faida ndivyo inavyotakiwa.

Angalizo moja mama. Kama ulipokea karatasi ya 1099-S ya mauzo ya nyumba, lazima mauzo yaonyeshwe kwenye ritani pamoja na huo msamaha, hata kama kodi ni sifuri. Ukinyamaza, kompyuta ya IRS itaona mauzo bila maelezo na itakuandikia. Weka barua ya hospitali ya kufunga kitengo na barua ya kazi mpya pamoja na makaratasi ya nyumba.

Mama wa Minneapolis

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. 1099-S ninayo, niliiweka kwenye droo nikidhani ni ya benki.

Nesi wa Leeds

Niko Uingereza, tulikuja kwa mpango wa manesi baada ya yale makubaliano ya Kenya na Uingereza ya 2021. Huku ni tofauti na nyinyi. Mwajiri akikulipia kuhama, hadi pauni 8,000 haitozwi kodi wala National Insurance (mchango wa bima ya taifa). Kiwango hicho ni kile kile tangu 1993, hawajakigusa ingawa gharama zimepanda mno. Ila kama mwajiri hajalipa na umelipa mwenyewe, huwezi kudai kwa HMRC, mamlaka ya kodi ya huku. Kwa hiyo naunga mkono hoja ya mleta uzi: kila kitu ni kabla ya kusaini. Gharama zenyewe lazima zitumike kabla ya mwisho wa mwaka wa kodi unaofuata ule ulioanza kazi, na mwaka wa huku unaisha Aprili 5. Kuna mwenzetu alichelewa kusafirisha familia, akaja kukuta dirisha limefungwa.

Mdau wa Edmonton

Canada bado tunalo punguzo, Fomu T1-M. Nyumba mpya iwe karibu na kazi kwa angalau kilomita 40 kuliko ya zamani. Lori, stoo, hoteli na chakula hadi siku 15, kuvunja mkataba wa nyumba ya kupanga, hadi dalali wa nyumba ya zamani. Chakula unaweza kuhesabu dola 23 kwa mlo bila risiti, mwisho milo mitatu kwa siku. Unatoa kwenye mapato uliyopata mahali papya tu, yakipungua unavusha mwaka unaofuata. Waliofika Canada mara ya kwanza toka Nairobi au Dar kama wafanyakazi, safari ile ya kuingia nchini haihesabiki. Wanafunzi wa muda wote wana kanuni yao, wasome vizuri.

Mtumishi Dodoma

Wakuu, nimefuatilia nikiwa nyumbani. Sisi tuliohamishwa toka Dar kuja Dodoma baada ya tangazo la 2016 tunaielewa adha ya kuhama, ila mfumo wa huku umejengwa upande wa mwajiri. Mtumishi wa umma akihamishwa anastahili nauli, gharama za kusafirisha mizigo, posho ya kujikimu na posho ya usumbufu. Kelele zetu zinakuwa za malipo kuchelewa. Kudai gharama kwenye ritani si jambo letu, maana mfanyakazi wa mshahara huku kodi yake inaishia kwenye PAYE.

Kwa sekta binafsi watu wengi hawaijui Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 43. Ukiachishwa kazi mahali tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri anatakiwa akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, au alipe gharama hiyo. Na muda unaosubiri usafiri anapaswa kukulipa posho ya kujikimu. Na Sheria ya Kodi ya Mapato, pia ya 2004, haiitozi kodi nauli halisi ya mwajiriwa, mwenza na watoto hadi wanne kwenda au kutoka kituo cha kazi, iwapo makazi yake yako zaidi ya maili 20 na aliajiriwa mahsusi kwa kituo hicho. Nimeleta ili ndugu zetu wanaopeleka biashara nyumbani na kuajiri watu toka mikoani wajue wajibu wao.

Fomu1040

Mtumishi, mchango mzito huu. Huku hakuna sheria ya jumla ya kumlazimisha mwajiri kukurudisha ulikotoka. Ni mkataba wako tu ndio unaokulinda, ndiyo maana nimewasumbua sana na hiyo barua ya kazi.

Dereva Masafa

Swali dogo. Kabla ya kuhama tuligawa nguo na fenicha kwa kituo cha misaada, wakatupa risiti. Hiyo nayo vipi?

Fomu1040

Inahesabika tu kama unaorodhesha makato yako badala ya kuchukua kile kiwango cha jumla cha mapato kisichoguswa na kodi. Kwa mwaka 2025 kiwango hicho ni dola 31,500 kwa mume na mke wanaojaza pamoja, kwa hiyo familia nyingi zetu hazifiki mahali pa kuorodhesha. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 wasioorodhesha wanaruhusiwa kutoa hadi dola 1,000, au 2,000 kwa wanandoa, lakini ni kwa michango ya fedha. Nguo na fenicha hazimo.

Mtu wa Kigoma

Ndugu, nimerudi. Niliwapigia kiwandani na mtoto akitafsiri. Kubeba kodi wamekataa. Deni kupungua kila mwezi wamekubali, wameandika kwenye barua mpya. Kuhusu kuumia kazini wamesema wataangalia, bado hawajajibu. Nisaini?

Fomu1040

Subiri jibu la hilo la kuumia, waandikie tena kesho barua pepe fupi ili swali lako libaki kwenye maandishi. Kukubali lile la kwanza ni hatua kubwa, hongera kwa familia.

Mkishahama, mambo mawili ya makaratasi. IRS mpeni anwani mpya kwa Fomu 8822. Na kila asiye raia kwenye familia, wenye green card wakiwemo, ana siku 10 za kuwaarifu USCIS, idara ya uhamiaji, anwani mpya kwa fomu ya AR-11. Ni bure, inajazwa mtandaoni, kila mtu ya kwake, pamoja na watoto. Msimlipe mtu kwa hilo.

Ritani ya mwaka wa kuhama: Texas hakuna ya mshahara, Iowa mtajaza kama wakazi wa sehemu ya mwaka. Mtalipa kwa mshahara mlioupata mkiwa wakazi wa Iowa tu, kiwango ni asilimia 3.8 kuanzia 2025. Tunzeni slipu ya mwisho ya Texas, ndiyo itakayoonyesha mliishia wapi.

Mtu wa Kigoma

Nimeelewa. Barua pepe naandika leo usiku.